Marehemu Saba wa Dobi Mstari

“Mteja wangu mimi hahami. Mkiona ameacha kuja dukani kwangu, msiniulize mimi, ulizeni makaburini.”

Dobi Mstari aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, mchana kweupe, mbele ya wenye maduka wote wa barabara ile, siku walipoitana kuzungumzia mtaro ulioziba. Alikuwa amepewa nafasi aseme neno juu ya mtaro, kwa kuwa ulipita mbele ya mlango wake. Mtaro hakuugusa. Alizungumzia pasi, akazungumzia wanga, akazungumzia ukosi wa shati kama vile ni mwanawe wa kwanza, mpaka kipaza sauti kikaishiwa betri. Hata hapo hakukaa. Aliendelea kwa koo lake, ambalo betri yake Mungu hajawahi kuonyesha inapochomolewa.

Watu walicheka na kupiga makofi, maana jigambo lenyewe lilikuwa na miguu ya kusimamia. Duka la Mstari lilikuwa nyuma tu ya majengo marefu ya benki na bima, na kwa miaka mingi wenye tai wote wa majengo yale walikuwa wake. Suruali ikitoka mezani kwake ilikuwa na mstari mbele ambao ungeweza kukatia kitunguu. Ndipo lilipotoka jina. Lile alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho, linapumzika.

Dukani walikuwa wawili. Yeye kwenye meza ya pasi, na mkewe, Mama Vifungo, kwenye kiti karibu na mlango, akishona vifungo na kurekebisha mapindo. Mama Vifungo alijulikana kwa kuwa mkimya. Si kwamba Mungu alimuumba hivyo. Ukiolewa na Mstari, zamu yako ya kusema haifiki.

Sasa, Mstari alikuwa na mwenendo mmoja ambao yeye aliuita ukarimu. Kabla nguo haijaingia majini, mifuko hukaguliwa. Kila dobi hufanya hivyo, asije akafua kalamu na koti likageuka ramani. Lakini dobi wengine hutoa kitu, hukiweka pembeni, yakaisha. Mstari alikisomea hutuba. “Mfuko wa koti ni kama mlevi,” alikuwa akisema, “uguse tu, utakwambia yote.” Akikuta kijiti cha meno: “Bosi, naona jana hamkulala njaa!” Akikuta tembe za usingizi: “Mkuu, mbona hulali? Kazini au nyumbani?” Na haya yote kwa ile sauti ya kwenye mkutano wa mtaro, foleni nzima ikisikiliza. Wateja walicheka. Mstari hakuwahi kuona kwamba walicheka kwa meno tu, macho yakitafuta mlango.

Kisha pale kona, ng’ambo ya barabara, likafunguliwa duka la mashine za kufulia. Vioo vitupu, ubaridi ndani, mashine zimepangwa ukutani zinazunguka kama zinafikiri.

“Mashine inafua nguo,” Mstari akasema, “haimjui mtu.”

“Baba,” mkewe akajaribu, “suti zimepungua.”

“Msimu tu.”

“Msimu gani huo ambao watu hawavai suruali?”

Ukuta wa nyuma, ambako zamani makoti yalibanana kama abiria, sasa ulionyesha rangi yake, na rangi yenyewe ikawa mpya machoni pa wote wawili. Kilichobaki kuwalisha ni sare za kaunta: kila wiki benki kubwa ya jirani ilileta mzigo wa vizibao na sketi na mashati ya wale wanaokaa dirishani. Sare zikiondoka, duka limeondoka. Hilo Mstari alilijua, na mkewe alilijua zaidi.

Hapo ndipo watu wa fedha wakaanza kufa.

Walikuwa wawili, tuseme ukweli. Wa kwanza alikuwa mkaguzi wa hesabu, kijana mpole, aliyelala jioni moja kwenye kochi asiamke. Wa pili alikuwa meneja wa bima aliyeegesha gari mlimani, akasahau breki ya mkono, akapita mbele yake kuangalia taa. Misiba miwili, na kila mmoja na sababu yake. Lakini mtandaoni sababu ni kama chumvi: ikiwa ya kawaida hakuna anayeiona. Likaanzishwa kundi, likaitwa “Nani Anawamaliza?” Mmoja akasema mkaguzi aliona hesabu asizopaswa kuziona. Mwingine akasema breki hazijisahau. Wa tatu, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kuuza matairi, akachora mishale myekundu juu ya picha za majengo, na watu wakasema huyu amesoma.

Aliyemletea Mstari habari hizo ni fundi simu wa mlango wa pili, mtu mwenye kutengeneza simu za watu huku anasoma yaliyomo.

“Hawa wawili si walikuwa wako?”

Mstari akaweka pasi chini. Walikuwa wake. Koti la mkaguzi lilikuwa bado limening’inia pale nyuma, kwenye henga, limefunikwa nailoni. Akalitazama. Halafu akatazama ukuta mtupu ulio kando yake. Na kichwani mwake jigambo lake mwenyewe likapiga hodi: mteja wangu hahami. Akiacha kuja, amekufa. Na walioacha kuja ni wangapi?

Mtu mwingine angesema: nimekimbiwa. Mstari alisema: “Mungu wangu, wanauawa!”

Alijisikia vibaya kwa ajili yao. Lakini, tusimfiche, alijisikia vizuri pia, kama mtu aliyekuwa akiumwa jino akaambiwa kumbe ni sikio.

Video ilirekodiwa hapohapo, fundi simu ameshika simu, Mstari ameshika henga. “Mnasema wawili,” akawaambia walimwengu. “Mimi ninayewafulia nawaambia ni saba.” Majina hakutaja, kwa heshima, alisema. Aliwaeleza kwa nguo. Yule wa suti ya kijivu yenye mistari, bega la kushoto limeshuka kama rafu iliyong’oka msumari. Yule wa shingo nene asiyefunga kifungo cha juu. Yule mwenye kulowa jasho upande mmoja tu. Saba wote, wamepotea mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeuliza. “Na huyu hapa,” akamalizia, akishika koti la mkaguzi kwa ukosi, “koti lake linamsubiri. Kijana mzima kama chuma!”

Kufikia jioni, nchi nzima ilikuwa inamjua. Kundi lilimpa cheo cha Shahidi. Watu walisimama mlangoni kupiga picha na ukuta mtupu. Fundi simu akaanza kuwaonyesha njia na kuwakemea wasiguse pasi. Suti hazikuja, lakini nani aliyekuwa na muda wa suti?

“Hawa watu wote waliokuja leo,” Mama Vifungo akauliza akikata uzi kwa meno, “kuna aliyeacha hata soksi?”

Siku ya tatu alikuja Bibi Utawala. Huyu ndiye mwanamke wa benki aliyesimamia funguo, viti, sabuni za vyooni na sare, na kutembea kwake kulifanya hata walinzi wachomekee mashati. Hakusalimia.

“Afisa mikopo wetu, mwenye bega,” akasema. “Jana mama mkwe wake ameingia kwake na shangazi wanne, wamefunga vitambaa kichwani, wanalia tangu getini. Wamemkuta amekaa barazani, miguu kwenye beseni, anakata kucha.”

“Yu hai?” Mstari akasema.

“Shangazi mmoja amezimia. Ofisini, mwenzake wa meza ya jirani alikuwa ameshachukua kiti chake. Kile cha magurudumu.”

“Bibi, mimi nilichosema—”

“Ulichosema nimekisikia, wamekisikia na wakubwa. Nisikilize mimi sasa. Mdomo uliowaua ndio utakaowafufua, palepale ulipowaulia. Ijumaa nisipoona, sare zinavuka barabara.” Akaelekeza kidevu kule kwenye vioo.

Alipoondoka, Mstari alivaa viatu kwa hasira. “Mmoja tu ndiye mzima! Nitamletea vyeti vya vifo vya hao sita, aone!”

“Unakwenda wapi?”

“Makaburini.”

“Kabla hujafika makaburini,” Mama Vifungo akasema bila kuinua macho kwenye sindano, “hebu pita hapo kona. Ni njiani.”

Alisimama kando ya nguzo, mkabala na vioo, akijifanya anasubiri mtu. Hakusubiri sana. Mlango ukafunguka, hewa baridi ikamgusa miguu, akatoka marehemu wa nne, yule wa shingo nene, akipiga mluzi, koti begani. Kisha marehemu wa sita, yule wa jasho la upande mmoja, anachekacheka na simu. Kisha wawili kwa pamoja. Wamenawiri, wamenona, wanapendeza kama watu waliotoka likizo ahera. Mstari akashika nguzo.

“Heri wangekufa kweli,” akajikuta anasema, na akatazama pembeni kama kuna aliyemsikia.

Wa mwisho alikuwa yule afisa mikopo, waliyemwita Bega.

“Bega!”

Afisa mikopo akageuka, suti mkononi ndani ya nailoni. “Bwana Mstari. Mzima?”

“Mimi mzima. Wewe je?”

“Mzima. Si kwa juhudi zako.”

Mstari alitaka kuomba radhi, lakini jicho la kazi likamtangulia. “Hebu nione hiyo suruali. Ina mistari miwili kila mguu! Umekuwa reli, mtu wangu? Nani amekufanyia hivi?”

“Mashine.”

“Na unalipia?”

“Nalipia, tena zaidi yako. Ina mistari miwili, bwana Mstari, lakini mambo yangu yamebaki kuwa yangu.” Akavuta pumzi. “Unazikumbuka tiketi za sinema?”

Mstari alizikumbuka. Zilikuwa mbili, mfuko wa ndani. Mke wa Bega alipokuja kuchukua nguo, Mstari alimkaribisha kwa bashasha: shemeji, vipi, filamu iliwaliza au iliwachekesha? Shemeji alikuwa hajaenda filamu yoyote. Alisema asante, akachukua nguo, akaondoka kwa hatua za mtu anayehesabu kumi kimoyomoyo.

“Nililala sebuleni mwezi mzima.”

“Lakini Bega, na wewe, ulikuwa umekwenda na nani?”

“Na mama yangu mzazi! Macho yanamsumbua, akataka kuona picha kubwa. Kwa nini sikumwambia mke wangu? Kwa sababu walikuwa wamenuniana. Sasa wananinunia wote wawili. Halafu ukaniua.” Akatikisa kichwa, akicheka kidogo bila kutaka. “Wote tuliohama tuna hadithi zetu, usifikiri ni mimi tu. Hakuna anayekushinda kwa pasi. Ila mashine haina macho, na ingekuwa nayo, haina ulimi.”

Mstari alirudi dukani akakaa kwenye kiti cha mkewe.

“Ulijua?”

“Barabara nzima inajua.”

“Mbona hukuniambia?”

“Lini?” Mama Vifungo akauliza. “Ulipokuwa unapumzika kuongea?”

Alhamisi asubuhi aliingia mwanamke mgeni, amevaa nguo nyeusi, mkononi tiketi ya dobi iliyokunjwa mara nyingi. Mstari aliijua namba kabla hajaitazama. Alikuwa dada mkubwa wa yule mkaguzi marehemu.

“Nimekuja kuchukua koti la mdogo wangu,” akasema. “Nilikuwa sijui lilipo. Nimeliona kwenye simu, umelishika ukosi.”

Mstari akapanda kigoda, akalishusha kwa mikono miwili.

“Pole sana, dada.”

“Nimeshapoa. Mazishi tulimaliza, tukakubali. Alizaliwa na moyo mbovu, tulijua siku itafika. Lakini sasa kila nikifungua simu, wamemuua tena. Mara kapewa sumu, mara kasukumwa. Mama ananiuliza, mbona mlinificha? Namjibu nini?” Akanyoosha mkono, akagusa mfuko wa lile koti kwa nje. “Wewe uliyekuwa unamfulia, mifukoni mwake ulikuwa unakuta nini?”

Pasi ilikuwa inatoa mvuke peke yake.

“Vidonge,” Mstari akasema.

“Kila mara?”

“Kila mara, dada. Namfungia kwenye karatasi, namwambia usivisahau. Na mdomo wote huu, vile sikuwahi kuvitangaza. Alikuwa ananiangalia hivi, nikaona haya.”

“Na kwenye video, vilikwenda wapi?”

Mstari alifungua kinywa. Mama Vifungo, ambaye alikuwa ameishi naye tangu ujana wao, alisimamisha sindano aone jambo ambalo hajawahi kuliona: kinywa cha mumewe kiko wazi na hakuna kinachotoka. Vidonge vingeharibu hadithi. Ndiyo sababu, yote hiyo. Alivijua, alivishika kwa vidole vyake, na siku nchi nzima ilipotega sikio akasema kijana mzima kama chuma.

“Nisamehe,” akasema mwishowe.

“Siri za mifuko ya watu zibaki mifukoni,” dada mtu akasema, akilikunja koti juu ya mkono. “Ila hiyo moja nakupa ruhusa. Iseme. Iseme kwa sauti ileile.”

Aliisema jioni hiyohiyo. Bega alikubali kusimama pembeni yake, kwa masharti kwamba kwanza suruali yake irudishiwe mstari mmoja, bure. Fundi simu akashika simu. Mstari akasema: hawa saba, watano wako hai na nawafulia, samahani, wanafuliwa kwingine kwa sababu zao. Wawili wametutoka, mmoja kwa breki, mmoja kwa moyo aliozaliwa nao. Mimi mwenyewe nilikuta dawa zake mifukoni mwake, nikanyamaza makusudi ili niwapendeze. Waacheni wapumzike. Na huyu hapa ni Bega, mguseni.

Bega akapunga mkono.

Ile ya kwanza ilikuwa imetazamwa na watu wa kujaza viwanja. Hii ilitazamwa na watu wa kujaza saluni, na wengi wao walikuja kubisha. “Huyo si yeye, ni wa kukodi.” “Bega la yule lilishuka zaidi.” “Dobi amenunuliwa, tazama shati lake jipya.” Shati lilikuwa la miaka kumi, ila limepigwa pasi. Muuza matairi akachora mshale mpya mwekundu, safari hii ukielekea kichwani mwa Mstari, chini yake akaandika: wa nane. Wakaanza kumsomea dua akiwa hai, na wengine wakauliza duka atalirithi nani.

“Mama Vifungo,” Mstari akasoma kwa sauti, “wanasema wewe umehusika.”

“Bado,” akajibu.

Lakini mama wa mkaguzi aliitazama. Dada mtu alipiga simu kusema hivyo tu, kwamba mama ameitazama mpaka mwisho, kisha akaizima simu akaenda kumwagilia maua yake.

Ijumaa, Bibi Utawala akaja na mzigo wa sare. Nyuma yake, kwa kujificha kidogo, akaja Bega na suti mbili, na nyuma ya Bega shingo nene, ambaye alisema anapita tu. Wamekuja kupima maji kwa kidole. Foleni ndogo, lakini foleni. Fundi simu akasogea mlangoni, maana harufu ya tukio alikuwa anaisikia kabla halijapikwa.

“Sare zinabaki,” Bibi Utawala akasema. “Kwa sasa. Nikisikia neno moja kutoka kwenye mfuko wa mfanyakazi wangu, moja tu, tumemaliza.” Kisha akavua koti lake mwenyewe, jeusi, la gharama. “Na hili langu.”

Mstari akalipokea, akalilaza mezani, akaanza kukagua mifuko, kwa sababu kazi ni kazi. Wa kulia mtupu. Wa kushoto, vidole vikagusa kitu laini. Akakivuta.

Ilikuwa soksi. Soksi ya kiume, ndefu, ya manjano, ina picha za bata. Moja. Pacha wake hayupo.

Duka likatulia kama darasa mwalimu mkuu akipita dirishani. Bibi Utawala aliitazama ile soksi kama mtu anayemwona nyoka aliyemfuga mwenyewe. Shingo nene akafungua kifungo cha pili. Mama Vifungo akaacha sindano katikati ya tundu la kifungo. Miaka yote ya maisha yake Mstari hakuwa amepewa zawadi kama hii: maneno yalikuja yenyewe, yakajipanga foleni ulimini, yanasukumana, kuna moja juu ya bata lilikuwa zuri mno hata machozi yakamlenga.

Akameza. Maneno yakaonekana yakishuka kooni.

Akaikunja soksi mara mbili, akaifunga kwenye karatasi safi, akamkabidhi mwenyewe kwa mikono miwili. Akaandika tiketi.

“Kiasi gani?” Bibi Utawala akauliza, kwa sauti nyembamba.

“Elfu mbili na mia tano.”